Kuwinda au Kutowinda: Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Ayala wa Marekani na Wanyama Wetu

Mimi ni dereva na mwongozaji wa watalii hapa Nairobi. Asubuhi nyingi, kabla ya saa kumi na mbili, niko kwenye foleni ya lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Barabara ya Lang'ata, na mara kwa mara abiria wangu ni wawindaji: mzee wa Wisconsin huko Marekani na mwanawe, mkulima wa Texas, mke na mume kutoka Bavaria, Ujerumani. Hawaji kuwinda, maana hapa hairuhusiwi. Wanakuja kutazama, lakini mazungumzo yao hayatoki kwenye bunduki na msimu uliopita. Jioni nikirudi mtaani kwangu Umoja, majirani nao wananiuliza habari hizohizo, ila wao wameshikilia upande wa pili. Kwa miaka mingi nimejibu vipandevipande. Hapa nimeyaweka maswali pamoja, na majibu kama ninavyoyaamini.

Ayala ni mnyama gani? Si ni kulungu tu?

Si kulungu. Kulungu wetu, ambaye wengine humwita mbawala, ni jamaa wa pofu na tandala. Pembe zake zikishaota haziondoki, anazeeka nazo na kufa nazo. Ayala ni ukoo mwingine. Dume huota pembe zenye matawi kila mwaka, hupigania majike nazo, kisha hudondoka na nyingine kuota. Msomaji wa Biblia amekutana na jina lake katika Zaburi ya 42. Kusini mwa Sahara hakuna ayala wa asili hata mmoja. Afrika wanapatikana kaskazini tu, pande za Tunisia na Algeria. Kwa hiyo ile picha ambayo jirani yangu alitumiwa na binamu yake aliye Minnesota, mtu kavaa koti la rangi ya chungwa kapiga magoti kando ya mnyama mwenye pembe za matawi, huyo ni ayala mkia mweupe, ndiye anayewindwa zaidi Marekani.

Kwa nini wao waruhusiwe kumuua na sisi tukigusa digidigi tufungwe?

Kwa sababu wao walikaribia kummaliza, wakashtuka, na dawa waliyochagua haikuwa kufunga uwindaji. Walifunga biashara. Karne ya 19 ayala alipigwa kwa ajili ya soko: nyama ilisafirishwa kwa reli hadi mijini, ngozi ziliuzwa kwa maelfu. Kufikia mwaka 1900 inakadiriwa walibaki nusu milioni au chini ya hapo nchi nzima. Sheria zikaanza kubana, mojawapo ikiwa ile ya 1900 iliyozuia kusafirisha wanyama waliouawa kinyume cha sheria kutoka jimbo moja hadi jingine. Mpaka leo mwindaji wa Marekani haruhusiwi kuuza nyama ya ayala aliyempiga porini. Ale na watu wake, au agawe.

Jambo la pili ni fedha. Tangu sheria ya 1937, bunduki ndefu na risasi hutozwa ushuru wa asilimia 11, na fedha hizo hurudishwa kwa majimbo kwa kazi ya wanyamapori. Leseni nazo zinalipa askari na wataalamu. Mnyama ni mali ya umma, jimbo linahesabu, linapanga msimu na idadi, na katika majimbo mengi mwindaji anafunga lebo yake, yaani kibali cha mnyama mmoja, kwenye windo. Leo ayala mkia mweupe wanakadiriwa kuwa karibu milioni 30.

Ukisikia Mmarekani akisema kuwinda ni kuhifadhi, anasema habari iliyomtokea babu yake kweli. Anachokosea ni kudhani ilitokea kila mahali.

Kama ni wengi hivyo, mbona wawindaji wenyewe wanalalamika wameisha?

Swali hili nalipenda, kwa sababu hapa ndipo ninapoona watu wawili wa jimbo moja wakikosana ndani ya gari langu. Yule mzee wa Wisconsin anawinda kaskazini, kwenye misitu mikubwa. Huko theluji huwa nzito, msitu umekomaa na kivuli chake kimeua majani ya chini, na mbwamwitu wa huko, wale ambao Waingereza huwaita wolf, wamerudi. Anaweza kukaa siku tatu bila kuona mkia. Mwanawe amehamia kusini mwa jimbo hilohilo, kwenye mashamba ya mahindi na soya yaliyopakana na vipande vya msitu. Huko ayala analala msituni na kula shambani, jike anazaa mapacha, na tatizo la mtoto ni kuchagua yupi ampige. Baba analaumu mbwamwitu na serikali. Mtoto anasema baba hajui kuwinda. Wote wawili wanaongea ukweli wa mahali waliposimama, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Ayala anapenda ukingo, yaani mahali msitu unapokutana na shamba au ua wa nyumba. Binadamu wa Marekani ametengeneza ukingo nchi nzima, kisha akawaondoa mbwamwitu na puma, paka mkubwa wa porini wa huko, sehemu nyingi. Matokeo yake ayala wamejaa hata vitongojini, na magari huwagonga zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka. Swala wetu hana bahati hiyo. Tukipasua mbuga kuwa viwanja vya futi 50 kwa 100, kongoni hali maua ya uani. Anaondoka au anakufa.

Wawindaji wenyewe wanabishania nini hasa?

Mengi, na kwa hasira ambayo sikuitegemea nilipoanza kazi hii.

Kwanza, chambo. Texas karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, zaidi ya asilimia 90. Ayala ni wa umma lakini lango ni la mwenye shamba, kwa hiyo unakodi shamba msimu mzima. Huko ni halali kutundika pipa linalomwaga mahindi kwa saa maalumu, na wewe ukakaa kwenye kibanda ukisubiri. Mtu wa Wisconsin anaona huko ni kuchinja, si kuwinda. Wa Texas anamjibu kwamba vichaka vya kwake ni vizito, hakuna njia nyingine ya kumwona mnyama vizuri na kumpiga vizuri. Kisha anamuuliza: na wewe uliyepanda kiwanja cha kabichi-mwitu katikati ya msitu, umefanya nini? Hapo kimya huingia.

Pili, mbwa. Katika baadhi ya majimbo ya kusini-mashariki kumfukuza ayala kwa mbwa ni urithi wa vizazi, kijiji kizima kinatoka. Kwingi kwingine nchini humo ni kosa la jinai. Uingereza na Wales wamepiga marufuku kwa sheria ya 2004.

Tatu, majike. Mtaalamu anasema ukitaka kupunguza kundi, piga jike. Wazee wengi walilelewa wakiambiwa jike haguswi, na wana sababu: ndivyo ayala walivyorudi. Wisconsin iliwahi kuwa na kanuni, sehemu fulani za jimbo, kwamba huruhusiwi kupiga dume mwenye pembe mpaka kwanza ulete asiye na pembe. Ilichukiwa mpaka ikaondolewa kwa sheria mwaka 2011. Pennsylvania nako, tangu 2002, dume mwenye pembe za matawi machache anaachwa akue. Wapo walioona ni busara na wapo walioona wanapangiwa na watu wanaotaka pembe za ukutani.

Nne, uzio. Mtu anamfuga ayala ndani ya ukuta wa waya mrefu, anamlisha apate pembe kubwa, anamuuzia tajiri amuue siku moja. Hapa nimesikia wa Texas na wa Wisconsin wakikubaliana kwamba hilo si windo. Nami nakubaliana nao.

Na sasa kuna ugonjwa. Kule Colorado mwaka 1967 waligundua ayala wa kufugwa wakikonda, wakidondosha mate na kufa. Ugonjwa huo unashambulia ubongo, hauna tiba wala chanjo, na mwaka 2002 ulionekana Wisconsin. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata kwa kula nyama, lakini wengi hupeleka kichwa kipimwe kabla ya kupika. Chambo huwakutanisha wanyama mdomo kwa mdomo, ndiyo maana wilaya nyingi za Wisconsin zimekipiga marufuku. Mabishano ya heshima yamegeuka mabishano ya afya.

Na Ulaya je?

Wale wa Bavaria wananiacha nikiwaza. Kwao huwezi kununua leseni dukani. Unasoma miezi kadhaa, unafanya mtihani wa sheria, silaha, magonjwa na majina ya miti. Haki ya kuwinda inaambatana na ardhi, anayekodi eneo anatimiza idadi aliyopangiwa, na mara nyingi yeye ndiye anayemlipa mkulima mazao yaliyoharibiwa. Windo likianguka, wanaweka kijiti chenye majani mdomoni mwa mnyama, mlo wake wa mwisho, na wanavua kofia. Mama yule alinionyesha kwa mikono yake jinsi kinavyowekwa, na sauti yake ilishuka.

Nyanda za juu za Scotland ayala wekundu ni wengi mpaka wanakula miche yote na msitu haukui tena. Mbwamwitu walimalizwa karne zilizopita. Tangu Oktoba 2023 madume huko hayana tena miezi ya kupumzishwa kisheria. Huko hoja ya maadili imegeuka: anayeulizwa maswali ni mwenye ardhi asiyepiga vya kutosha.

Mtu anayeua mnyama kwa raha anaweza kumpenda mnyama huyo?

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, anasema haiwezekani. Nilikuwa naye upande mmoja. Kilichonibadilisha ni swali ninalowauliza wawindaji wote siku hizi: "Umewahi kumjeruhi na usimpate?" Wale wa kweli hawajibu haraka. Yule mzee wa Wisconsin aliniambia kuhusu jike aliyempiga nyuma ya mbavu mwaka mmoja, akafuata damu mpaka usiku, akarudi alfajiri na tochi, na hakumpata. Alikuwa na miaka zaidi ya 70 na alikuwa bado anamtafuta.

Babu yangu, upande wa Kibwezi, aliwinda kwa upinde na sumu ya mti iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi kama lami. Alikuwa na kanuni hiyohiyo: mshale ukishatoka ni deni. Ukimchoma mnyama unamfuata, hata akivuka mto, hata giza likiingia, na usipompata huna ruhusa ya kurusha mwingine siku hiyo. Sijui kama mzee wa Wisconsin na babu yangu wangeelewana kwa lugha, lakini kwenye hilo wangeketi pamoja. Ninachomhesabia mwindaji ni jinsi anavyolibeba windo alilolikosea. Picha ya pembe ni jambo dogo.

Kenya tulipiga marufuku lini, na kwa nini?

Kuwinda ndovu kulifungwa 1973. Mei 1977 serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ikafunga uwindaji wa wanyama wengine, na 1978 biashara ya nyara, yale maduka ya ngozi na pembe yaliyojaa katikati ya jiji, ikafungwa. Kabla ya hapo Nairobi ilikuwa mji wa kuanzia safari za kuwinda. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alishuka kwenye treni stesheni ya Kapiti, nyanda za Machakos, Aprili 1909, na msafara wa wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe Kermit walipiga wanyama 512, wengi kwa ajili ya jumba la makumbusho la Washington. Na huyo ni mtu ambaye mwaka 1887 alianzisha chama cha wawindaji kilichotetea kwamba mnyama lazima apewe nafasi ya kuponyoka. Nikipita Kapiti na wageni huwa nawaambia namba hiyo na kunyamaza.

Sababu ya marufuku ilikuwa ujangili na ufisadi wa vibali. Leseni ya mnyama mmoja ilificha kumi.

Marufuku iliwaokoa wanyama?

Hapa naomba wasomaji wenzangu wa Nairobi wanivumilie. Tunapenda kuwaambia wageni kwamba sisi tulichagua uhai. Ni kweli, tulichagua. Lakini mapema miaka ya 1970 ndovu walikadiriwa kuwa zaidi ya 160,000, na kufikia 1989 walikuwa chini ya 20,000. Wengi walikufa baada ya marufuku, mikononi mwa majangili. Kilichogeuza mambo ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lililoanzishwa wakati huo chini ya Richard Leakey, askari kupewa silaha na magari, na soko la pembe duniani kufungwa mwaka huohuo, 1989, ambao Rais Moi alichoma tani 12 za pembe katika hifadhi yetu ya Nairobi. Hesabu ya kitaifa ya 2021 ilipata ndovu 36,280. Wamepanda, nasi tuna haki ya kujivunia.

Swala, kongoni, nyumbu na wengineo hawakuwa na mtu wa kuwachomea kitu. Utafiti uliochapishwa 2016, uliotokana na hesabu za ndege za miaka mingi, ulionyesha wanyamapori wa Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977. Hakukuwa na mwindaji hata mmoja mwenye leseni ya kuwapiga. Ila tulikuwa watu milioni 15 mwaka 1979 na zaidi ya milioni 47 mwaka 2019. Wengi wa wanyama hawa wanaishi nje ya hifadhi, kwenye ardhi ya watu.

Nenda Kitengela ujionee. Hifadhi ya Nairobi ni kilomita za mraba 117 tu, imezungushiwa ua pande tatu, na kusini iliachwa wazi ili nyumbu watoke na kuingia kwenye nyanda za Athi na Kaputiei. Nilipoanza kazi nilisimamisha gari kuwapisha. Sasa kusini ni mabati, machimbo, mawe ya mipaka na seng'enge, na nyumbu waliokuwa maelfu wamekuwa mamia. Mwenye ardhi anayepoteza kondoo kwa simba na hapati kitu kwa pundamilia anayekula nyasi zake, huyo ndiye anayeamua. Kumlipa akodishe ardhi bila kuiwekea ua, kama hifadhi za jamii za Mara zinavyofanya, kumeokoa swala wengi kuliko hotuba.

Tanzania wanawinda. Nani yuko sahihi?

Wenzetu walifunga 1973 na kufungua tena 1978. Leo wana vitalu vya uwindaji, wageni wanalipa fedha nyingi kwa simba au nyati mmoja, na hoja yao si ya kupuuza: yapo mapori yenye mbung'o na joto ambayo mtalii wa kamera hafiki, na bila kitalu yangekuwa mkaa. Uganda walifungua tena kwa majaribio 2001, jirani na Ziwa Mburo. Botswana wenye ndovu karibu 130,000 walifunga 2014 wakafungua 2019.

Shida ni mnyama asiyejua mpaka. Kati ya Septemba 2023 na mwanzo wa 2024, ndovu dume kadhaa wenye pembe kubwa waliuawa na wawindaji wenye vibali eneo la Enduimet, upande wa Tanzania, karibu na Amboseli. Kundi lile limetazamwa na watafiti tangu 1972. Ni ndovu waliozoea magari, magari kama langu. Kwa karibu miaka 30 pande mbili zilikuwa zimeelewana kutopiga pale. Kisheria hakuna kosa lililofanyika. Lakini yule mzee wa Wisconsin, mwindaji wa maisha yake yote, nilipomsimulia alisema mnyama anayekutazama bila woga kwa sababu umemfundisha hivyo si windo. Sijasikia mtu wetu yeyote akilieleza vizuri zaidi.

Babu zetu waliowinda walikuwa majangili?

Hapana. Waliitwa hivyo. Waata waliwinda ndovu kwa mapinde makubwa muda mrefu kabla Tsavo haijatangazwa hifadhi 1948, na miaka ya 1950 wakakamatwa wengi mno, huku Mzungu mwenye leseni akiwinda kwa amani ng'ambo ya mpaka wa hifadhi. Waogiek wa Mau walishinda kesi yao ya kufukuzwa msituni katika Mahakama ya Afrika kule Arusha, 26 Mei 2017. Mimi sidai kwamba uwindaji wao urudi kama ulivyokuwa. Nadai tuache kutumia neno moja kwa babu mwenye mshale na kwa tajiri mwenye lori la nyama.

Nyamapori inayouzwa kichinichini Nairobi, kuna ubaya gani?

Upo. Sheria ya 2013 inakataza kuwinda kwa mchezo, kwa kitoweo na kwa biashara. Mpaka 2003 baadhi ya ranchi za Laikipia na Machakos ziliruhusiwa kuvuna wanyama kwa idadi maalumu, na mikahawa ya jiji ilipika pundamilia waziwazi. Hiyo imekwisha. Tanzania wana bucha za nyamapori zenye leseni, sisi hatuna. Kwa hiyo nyama ya porini unayouziwa hapa mara nyingi imetoka kwenye kitanzi cha waya, mnyama amehangaika usiku kucha, na hakuna daktari wa mifugo aliyeikagua kimeta. Nyama isiyo na muhuri, ya bei isiyoeleweka, iache. Kati ya kila aina ya kuua niliyoitaja hapa, kitanzi ndicho ninachokichukia.

Muislamu anaweza kula ayala aliyepigwa risasi?

Ayala ni mnyama halali. Nilivyoelezwa na sheikh wa mtaani, jina la Mwenyezi Mungu litajwe wakati wa kufyatua, na akikutwa bado hai achinjwe. Yaliyobaki muulize sheikh wako.

Wewe ungerudisha uwindaji Kenya?

Hapana. Mwishoni mwa 2004 Bunge lilipitisha muswada ambao wengi waliona ungefungua mlango huo, na Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini. Nilifurahi, na bado nafurahi. Wisconsin, jimbo lisilofika theluthi moja ya Kenya kwa ukubwa, ina ayala zaidi ya milioni moja, wanaohesabiwa kila mwaka, na mtu akipiga bila kibali jirani yake anampigia simu askari. Hapa mifugo imejaa, swala wamebaki wachache, na kibali bado kinaweza kununuliwa chini ya meza. Ukiwa na milioni moja unaweza kukosea na ukarekebisha msimu ujao. Ukiwa na mamia, kosa moja halina msimu ujao.

Shemeji yangu yuko Wisconsin na anataka nimfuate msituni Novemba. Niende?

Nenda. Msimu wa bunduki huko ni siku tisa, unaanza Jumamosi kabla ya sikukuu yao ya shukrani. Kama umezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye, kwa kawaida utahitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji kabla ya kununua leseni, na leseni ya mgeni ni ghali kuliko ya mwenyeji. Mwenye viza ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki Marekani, isipokuwa awe na leseni halali ya kuwinda, kwa hiyo usiguse ya shemeji hata kwa picha kabla ya hapo. Vaa koti la rangi ya chungwa hata kama unatazama tu. Beba soksi mbili za sufu, maana utakaa juu ya mti kwenye kitu ambacho bibi yako angekitambua mara moja: ni dungu, kama lile la kulindia mtama, ila kuna baridi ya kupasua mifupa. Usiongee. Shemeji akipiga na mnyama akakimbia, mtasubiri nusu saa bila kusogea, kisha mtashuka kufuata damu. Shuka naye.